Waasisi Wanane

Nacheka sasa kwa kuwa yamekwisha. Mwaka jana, chuoni kwetu hapa Dodoma, niliomba kujiunga na chama cha wanafunzi bora, ambacho nguzo yake ya kwanza ni uaminifu. Mtihani wake wa kujiunga, wa historia ya chama, hauna msimamizi. Picha ya waasisi wa chama iliyo chumbani humo hugeuzwa tu ikatazama ukuta. Nilipofika swali la idadi yao, nikiwa peke yangu, niliigeuza, nikawahesabu mara mbili, nikairudisha.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia mlezi wa chama alipokuja kusahihisha.

"Marahaba. Umeandika waasisi wanane. Ni saba."

Mimi nauza mitumba sokoni tangu serikali iiruhusu juzijuzi. Sikubali bei ya kwanza.

"Wanane, mzee! Nimewahesabu mara mbili!"

"Yule wa pembeni ni mpishi aliyeleta chai," akasema taratibu. "Umewahesabia wapi, mwanangu?"