Maharage Thelathini na Moja

Kwa miaka kumi na tano Bernado Magige aliendesha lori la chama cha ushirika kati ya Musoma, Bunda na Butiama, na hakuna aliyewahi kumwona ameshika chupa ya bia. Miaka ile ya foleni za sabuni, tairi zilipokuwa hazipatikani hata kwa kuomba, aliwahi kufikisha pamba Bunda huku tairi moja la nyuma limeshindiliwa nyasi. Watu walimsifu kwa hilo mpaka yeye mwenyewe akaanza kuamini kwamba lori haliwezi kwenda bila yeye. Tumsamehe. Mwanamume anayesifiwa kazi yake huwa mzito kusikia jambo jingine lolote.

Msimu wa pamba wa mwaka 1994, wanunuzi binafsi walipoanza kuonekana vijijini na mizani zao, lori hilo hilo liliacha barabara karibu na Kiabakari. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, barabara imenyooka. Liliingia mtaroni na kulala ubavu taratibu. Bernado alizinduka mikono ikiwa bado imeshika usukani.

Juu ya magunia ya pamba alikuwepo mama mkwe wake, Boke, anatoka Butiama kwenda Musoma kutibiwa macho yaliyokuwa yamefifia. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, lakini kwao mkwe haketi bega kwa bega na mume wa binti yake, hasemi naye ana kwa ana, wala halali chini ya paa lake. Hivyo bibi alipanda juu, na lori lilipolala aliteremka pamoja na magunia bila kuvunjika hata ukucha. Abiria wenzake ndio waliomwinua. Bernado ilimbidi asimame amegeuza uso, maana hata mkono hakuruhusiwa kumpa. Tangu azaliwe hakuwahi kuona aibu kama ile.

Kabla hawajafika Musoma, habari zilikuwa zimetangulia: dereva alikuwa amelewa.

Afisa usafirishaji wa ushirika, mzee Hamduni, alikuwa mtu wa haki, ila mezani kwake palikuwa na orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa.

"Watu wanasema ulilewa, Bernado. Mimi sisemi. Niletee karatasi ya daktari kwamba wewe ni mzima, usukani wako huu hapa. Usipoileta, sina la kukutetea."

Daktari aliitwa Felisian, na alikuwa anakuja zahanati ya mjini kutoka Bunda kila Jumatatu. Bernado alimsubiri kwenye benchi, akasinzia, muuguzi akamwamsha mara mbili. Daktari aliliona hilo kupitia mlangoni. Alimuuliza kama anaamka na kichwa kinamuuma, kama anasinzia akila, kama anakoroma. Kisha akatoa futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani, akampima shingo.

"Imenenepa lini hii?"

"Miaka ya shida kola ilikuwa inanipwaya, daktari. Mafuta ya kupikia yamerudi dukani, na mimi nimerudi."

Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka. Akamweleza kwamba kuna watu ambao wakilala koo linajifunga na pumzi inakatika. Mwili unashtuka, wanavuta hewa, halafu linajifunga tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi. Mtu wa namna hiyo anaamka amechoka kuliko alivyolala, na mchana usingizi unamchukua popote, hata kwenye usukani.

"Mashine ya kuupima hapa hatuna. Anayeweza kukupima ni mtu anayekusikia ukilala. Mkeo yuko wapi?"

Wankyo aliitwa kutoka nje. Aliona haya kusema mambo ya chumbani mbele ya mtu wa miwani, lakini alisema.

"Anakoromaga, daktari, mpaka majirani wanalalamika. Ila baadaye ananyamaza, anatulia kabisa. Hapo namshukuru Mungu, na mimi napata usingizi."

"Ananyamaza kwa muda gani?"

"Mi sijui. Akishanyamaza nalala."

Daktari alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini. "Jibu la swali hilo mniletee Jumatatu ijayo."

Wakiwa njiani kurudi nyumbani Bweri, Bernado alikwishapanga. "Jumatatu utamwambia nanyamaza kidogo tu, Mama Miriamu. Neno moja, ataandika mzima, yaishe." Wankyo alikaza mwendo. Naye aliitaka karatasi ile. Watoto watano hawalishwi kwa ukweli mtupu.

Boke alikuwa analala kwa jirani, Siwema, na mchana anashinda katika jiko la nje la binti yake, akichagua maharage kwa vidole kwa kuwa macho hayakumsaidia tena. Siku ya Alhamisi Bernado alikula ugali na sato, akajinyoosha mkekani sebuleni, na taarifa ya habari ya saa saba ilipoanza redioni yeye alikuwa tayari anakoroma. Kisha akanyamaza.

"Huyo baba Miriamu anafanya nini?" Boke aliuliza.

"Amelala, mama. Sasa ametulia."

"Hajatulia. Nimelea watoto tisa, nimezika watatu. Huyo hapumui. Zima redio usikie."

Wankyo alizima redio, akasikiliza. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alisikiliza kile kimya bila kukimbilia usingizi. Kilikuwa kirefu. Kikazidi kuwa kirefu, mpaka akashika ukingo wa mlango kutaka kukimbia ndani, ndipo Bernado akavuta hewa kwa kishindo, kama mtu aliyezama ziwani akaibuka. Boke alichukua punje moja ya maharage, akaiweka pembeni ya ungo.

Kila pumzi ilipokatika, bibi aliongeza punje. Kengele ya shule ilipolia saa nane, zilikuwa thelathini na moja. Akazifunga kwenye pindo la kanga, akamkabidhi binti yake. Wankyo alilia pale pale jikoni, akikumbuka miaka yote aliyolala kwa raha huku mumewe akikabwa pembeni yake.

Bernado alipopewa kile kifundo alikasirika mno.

"Mkwe wangu amekaa ananisikiliza nimelala? Mwanamke gani anahesabu pumzi za mkwewe?"

"Yule uliyemwangusha mtaroni."

Akakigeuza kile kifundo mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nikiyapeleka haya, usukani umekwenda. Tutakula nini?"

"Sijui, Baba Miriamu. Ila tutakula wewe ukiwepo."

Jumatatu alikwenda peke yake. Maharage yangeweza kuingia chunguni na hakuna ambaye angejua. Njia nzima hadi mjini aliliwaza hilo, sitaficha. Lakini alifungua kifundo mwenyewe mezani kwa daktari, akasema, "Saa moja tu, mchana." Daktari aliyahesabu mara mbili. Aliandika kwamba mtu huyu si mlevi, pumzi yake hukatika usingizini, na asiendeshe gari. Akamwagiza apunguze mafuta, alale ubavu, na awe na mtu wa kumshtua anaponyamaza.

Mzee Hamduni alisoma, akasimama, akampa mkono na kumwomba radhi kwa niaba ya waliomsema vibaya. Kisha akaketi na kuliandika jina lake kwenye orodha ya kupunguzwa. Bernado alitoka akiwa na heshima yake na bila kazi, na kwa siku kadhaa hakujua kipi kinauma zaidi.

Wiki iliyofuata Boke alirudishwa Butiama na dawa yake ya macho. Lori lilikuwa lile lile, dereva mwingine, na Bernado ndiye aliyemsindikiza. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu tena, na dereva akamkaribisha Bernado kwa adabu. Bernado alikitazama, akatikisa kichwa, akapanda nyuma alikokuwa Boke, kwenye magunia matupu, kule mwisho kabisa, akampa mkwe wake mgongo kama inavyopasa. Akalala ubavu.

Hawajafika hata Kiabakari, usingizi ulimchukua. Alikoroma, kisha akanyamaza. Boke, uso ameuelekeza upande mwingine, aliinua fimbo yake akagonga bodi la lori mara tatu.

Bernado akashtuka, akavuta hewa.

"Nipo, mama," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mwenyewe, moja kwa moja, tangu amwoe binti yake.

Bibi hakugeuka. Aliilaza fimbo mapajani, akatega sikio tena.