Nyumba Niliyokuwa Nairuka

Kaka yangu alianza kuugua skizofrenia akiwa kijana, na sasa ana mvi. Anaishi chumba cha uani kwangu, mtaa wa Majengo, hapa Sumbawanga. Anameza dawa, anazungumza na sauti zake anazozisikia yeye tu, na kwa miaka mingi watu wa kuzungumza naye tulibaki wawili, mimi na muuguzi wa kliniki. Nilijiona namtunza vizuri. Anakula, anaoga, nguo safi. Nani angenilaumu?

Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ya Kikatoliki hapa mtaani. Kila wiki tunasali nyumbani kwa mtu, na ratiba naiandika mimi. Zamu ya kwetu ikifika, nilikuwa nairuka. Nilijiambia ni huruma, asisumbuliwe na kelele. Huruma gani! Niliogopa aibu, asije akaanza kujibu sauti zake katikati ya rozari. Wenzangu nao hawakuuliza, kwa huruma yao.

Mwezi wa saba mwaka juzi, baridi ikiwa imepamba moto, jirani muuza maharage alikuja kushukuru. Kaka amempa sweta lake, lile zito, na hana jingine. Sumbawanga mwezi wa saba mtu hagawi sweta. Nikakumbuka muuguzi aliwahi kuniambia kwamba mgonjwa akianza kugawa vitu vyake, huenda anaaga.

Nilimkuta amekaa kitandani, chumba kimefagiliwa kuliko kawaida. Nikamwamkia, nikakaa kando yake. Mimi si mtu wa kukosa maneno, lakini siku ile niliyatafuta. Mwisho nikauliza hivyo hivyo.

"Kaka, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo," akasema. "Sauti nimezizoea, mdogo wangu. Nilichoshindwa kuzoea ni kwamba hakuna mtu anayeingia humu."

Nilikuwa nimeogopa swali lile litampa wazo. Kumbe lilimpunguzia mzigo. Alilia, akavaa viatu, tukaenda hospitali. Daktari alibadilisha dawa na kuniagiza nisimwache peke yake, nami nikahamishia godoro langu chumbani kwake.

Alipotulia, nikaandika zamu yetu. Nilimwomba ruhusa kwanza, akakubali kwa sharti moja, wasije kumwombea yeye. Walijaa hadi uani. Akazijibu sauti zake katikati ya sala, kama nilivyohofia. Mama aliyekuwa anaongoza akamsubiri amalize, tukaendelea. Basi, ndiyo hiyo tu aibu niliyoikimbia miaka yote. Siku hizi wanapita hata bila zamu, wanamsalimia, wengine wanakaa.

Hajapona, nisidanganye. Lakini juzi asubuhi nilikuwa napepeta ulezi, akatoka chumbani mwenyewe na kusimama mbele yangu.

"Leo sauti zimenizidi," akasema. "Nimekuja kukwambia mapema."

Nikaweka ungo chini. Habari ilikuwa mbaya, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi hadi nikatokwa machozi. Tukaenda kliniki wote wawili.