Mikono ya Baba Mkwe

Mimi ni mtoto wa Tabora mjini, na ulimi wangu hauna breki. Nilipoolewa kijijini Usinge nikakuta baba mkwe ni mtu wa ngoma ya nyoka: anawashika, anawafuga kwenye vikapu, anacheza nao. Mvua zilipoangusha nyumba yetu, alituachia nyumba yake ya bati, akahamia kibanda cha nyuma na vikapu vyake. Nami nikamlipa nini? Kila akinyoosha mikono ampokee mwanangu, namwambia, "Baba, nawa kwanza." Akimaliza kunawa, mtoto nimeshamfunga mgongoni. Fadhila ya punda ni mateke, na punda nilikuwa mimi.

Tena nilikuwa na kijembe changu. Shuleni tulisomeshwa hadithi moja ya Wafaransa: mkulima kaokota nyoka aliyekakamaa kwa baridi, kampasha moto, nyoka kuzinduka tu akataka kumuuma. Nilikuwa namsimulia mtoto wa miezi tisa, kwa sauti, ili baba mkwe asikie. Yeye hucheka tu: "Huyo mkulima alikuwa na haraka."

Asubuhi moja ya kipupwe, mwaka jana, nilimweka mtoto kwenye mkeka jikoni, karibu na mafiga, nikatoka kuchukua kuni. Kurudi, swila! Amejikunja kando ya majivu ya moto, shubiri moja tu na mguu wa mwanangu, na mwanangu anamnyooshea mkono, anacheka. Wallahi nilichoweza kuita ni "Baba!" tu, tena kwa sauti ndogo.

Alikuja pekupeku. Hakukimbia. Akachuchumaa kati yao, akaweka kiganja sakafuni, akamsemesha yule nyoka kwa Kinyamwezi, taratibu, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Nyoka akapanda kiganja. Akapanda mkono. Kisha, Mungu wangu, akaingia ndani ya koti, kifuani, penye joto, na baba mkwe akainuka naye, akatoka. Ndiyo hadithi yangu ile ile, leo naiona kwa macho! Nilimnyakua mtoto. Nilitaka kukimbilia kwa jirani, lakini miguu haikunisikia, ikawafuata wao.

Penye kichuguu akafungua koti juani. Swila akashuka, akasimama, akatanua shingo, akamtazama. Baba mkwe naye akamtazama. Sijawahi kuona kitu kizuri na cha kutisha kiasi kile, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Halafu nyoka akateremka shimoni, mkia ukapotea.

"Amekushukuru, baba?" niliuliza.

"Nyoka hashukuru, mama. Anaondoka salama. Mimi hiyo inanitosha."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Yeye akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo, akainama anawe, kama nilivyomzoesha. Nikamwahi, nikamwekea mtoto mikononi kabla hajagusa maji.