Miche ya Anania haipokelewi tena

Saa kumi na mbili asubuhi, Isansa, wilayani Mbozi. Ukungu haujaachia mabonde, lakini Anania Nzowa tayari ameinama kitaluni, mkononi kopo lililotobolewa vitundu. Anamwagilia miche ya kahawa mmoja mmoja, kama mama anayenawisha watoto uso.

"Mche hauharakishwi," anasema. "Ukiuharakisha, unakufa."

Ana miaka sitini na mmoja. Msimu ukiwa mzuri huuza miche elfu mbili, shilingi mia tatu kila mmoja. Lakini nyuma ya kitalu, chini ya kivuli cha nyasi, ilikuwapo miche arobaini na mmoja isiyouzwa kwa bei yoyote. Hiyo ilikuwa ya mdogo wake, Boazi.

Kisa kilianza mwaka 1998. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia Mbozi, kahawa ikapanda bei, na shamba ambalo hakuna aliyekuwa akilitazama likapata wenyewe wawili. Mama yao alikuwa amemwachia Boazi. Anania, aliyekuwa akivusha vitenge mpakani Tunduma, alirudi na hasira. Alfajiri moja alishika panga akakata mibuni arobaini na mmoja ya mdogo wake, mpaka mkono ukafa ganzi.

Kanisa lilimtenga na meza ya Bwana. Kwao, aliyetengwa hukaa benchi la nyuma, na vikombe vya ushirika vikianza kugawiwa hutoka nje. Siku ya kurudi, yule aliyekosewa humshika mkono, wakatembea pamoja hadi mbele.

Wazee walimwita arudi mwaka 2001. Boazi alisimama, akanyoosha mkono. Anania akatoka nje kama kawaida.

"Ningeushikaje mkono ule?" anauliza. "Niliona nilipe kwanza."

Tangu hapo, kila mwaka mvua zikikaribia, alipeleka miche arobaini na mmoja, akaiacha uani kwa Boazi. Shambani hakutia mguu.

"Na kila ushirika baba Erica yuko nje, ameegemea ukuta," anasema mkewe, Jenista. "Akirudi nyumbani, hali chakula."

Anania hakatai. "Vile vikombe vidogo vikigusana, nasikia kiu ambayo maji hayaitulizi."

Wiki iliyopita, Novemba hii ya 2013, alipakia miche kwenye baiskeli kama ada. Boazi alimzuia njiani.

"Kaka, rudisha."

"Ina kasoro?"

"Haina. Mimi ndiye sina pa kuipanda! Maharage niyapande juu ya bati?"

Anania alidhani ni utani. Boazi akamshika bega, akamteremsha hadi shambani, pale pale palipopita panga. Mibuni ilikuwa imesimama, minene, kila mmoja umeota kwenye kisiki chenye kovu.

"Ilichipua yenyewe," Boazi alimwambia. "Mwaka wa tatu nikachuma. Wewe bwana miche, hujui kisiki cha mbuni huchipua?"

"Najua. Nawafundisha watu."

"Basi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia nimekusamehe. Ulitaka na risiti? Jumapili njoo, kaka. Na usije na kitu."

Mchungaji wao, Lusubilo, anasema kuhubiri neema si kazi ngumu, kazi ni kuipokea. "Anayesumbuka nayo zaidi ni mchapakazi. Amezoea kula jasho lake. Ukimwambia meza hii imekwisha kulipiwa, anaanza kupapasa mifuko."

Jumapili hii ni ya kwanza ya Majilio, na meza itaandaliwa. Jenista amekwisha kunyoosha shati jeupe. Ile miche arobaini na mmoja Anania ameichanganya na ya kuuza, hata mwenyewe haitambui tena.

Anasema atakaa benchi la nyuma kama siku zote. Vikombe vikitolewa, hatainuka kwenda nje. Atabaki ameketi, amsubiri Boazi.

"Jana nimejaribu hapa kitaluni," anasema, akiweka kopo chini. "Kutembea tu, toka mwanzo wa tuta hadi mwisho, bila kubeba chochote."

Anatazama viganja vyake vyenye udongo.

"Mkono mmoja ataushika Boazi. Huu mwingine, mtupu namna hii, ndio sijui nitauweka wapi."