Dirisha la Picha ya Mwisho

Baba alikuwa akituletea komiki za Kiingereza kutoka Mokambo, mpakani na Zambia. Nyumbani kwetu, mtaa wa Hewa Bora, hakuna aliyejua Kiingereza, ila yaya, kaka yangu mkubwa, alidai anakijua. Alinisomea kwa Kiswahili habari za shujaa anayeruka angani, na kila penye dirisha aliweka kidole.

“Mama yake iko pale mu dirisha. Iko namuangalia.”

Mama yetu tulikuwa tumemzika mwaka uleule.

Juzi nimepata toleo la mwisho la komiki ile. Siku hizi Kiingereza nakisoma mwenyewe, na nilifurahi kama mtoto: shujaa ameshinda, amevua joho, anarudi kwa miguu kwenye nyumba yenye dirisha moja linalowaka taa. Lakini mama yake hatajwi. Nikafukua matoleo yote ya zamani. Hayumo, wala hakuwahi kuwamo.

Nikampigia yaya simu kwa hasira. “Mwongo we! Miaka yote ile ulikuwa unanidanganya!”

“Weye unasoma maneno tu,” akasema. “Angalia mu dirisha.”

Niliangalia.

Kitabu bado kiko wazi mezani. Sina moyo wa kumfungia mama humo.