Bahasha ya Mtu wa Moto

Isao Kanbe alichoma maiti za mji wetu wa Orihara kwa miaka ishirini na sita, na sijasikia familia iliyolalamika. Aliujua moto. Aliupunguza kwa mtoto, akauongeza kwa mtu mnene, na jamaa walipoingia na vijiti kuokota mifupa ya mtu wao, waliikuta mizima, myeupe, hadi ule mdogo wa shingo unaowekwa karibu na mwisho katika chungu cha kuhifadhia mifupa. Mama mkwe wangu alipita mikononi mwake, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Tanuri letu ni la halmashauri, na Isao alikuwa mtumishi wa umma. Mlangoni palibandikwa tangazo kwamba wafanyakazi hawapokei bahasha za shukrani. Kwenye matanuri ya watu binafsi huko miji mikubwa bahasha hizo hutolewa mchana kweupe na hakuna anayeshtuka. Kwetu ni rushwa.

Aliyemponza ni Bwana Sengoku, mwenye kampuni pekee ya mazishi hapa mjini. Siku moja alileta maiti ya tajiri akataka itangulie.

"Foleni ni foleni," Isao akamwambia. "Huyu aliyetangulia naye amekufa, hajalala."

Waombolezaji wawili wakacheka. Sengoku hakucheka. "Mzee, utanikumbuka," akasema.

Wiki mbili baadaye aliletwa mume wa Bibi Wakako Nagano. Mifupa ilipokwisha kuokotwa, mjane yule alimsukumia Isao bahasha kwenye mfuko wa koti.

"Mama, hairuhusiwi."

"Usinitie aibu mbele ya mume wangu!"

Isao alijaribu kuirudisha mara tatu. Mama wa watu akaanza kulia, akakimbilia garini na chungu chake kifuani. Isao akasema moyoni ataipeleka ofisini, lakini maiti nyingine ilikuwa tayari mlangoni. Sengoku alikuwa amesimama kando ya gari lake, simu sikioni. Alasiri maofisa wawili wa halmashauri walifika, wakampekua Isao, wakatoa yeni elfu tatu.

"Rushwa mtu hutoa ili apate kitu," Isao aliwaambia kwenye kikao cha nidhamu. "Mumewe alishaingia chunguni. Angeninunua nifanye nini?"

"Leo ni asante, Mzee Kanbe," ofisa akamjibu. "Kesho mtu maskini asiye na bahasha ataogopa mifupa ya mamake itavunjwa."

Baadaye Isao aliniambia kwamba neno lile halikuwa la kijinga. Lakini walimfukuza bila kiinua mgongo, gazeti la mji likaandika jina lake, na mkewe Fusae akaanza kununua mboga mji wa pili ili asitazamwe.

Mwezi haukwisha, Bibi Wakako akaja kuomba radhi. Alipiga magoti pale pale mlangoni, hakutaka hata kuvua viatu.

"Nimekuharibia maisha. Nilidhani ile ya kwanza ni ndogo, ndiyo maana nikaongeza."

"Ya kwanza ipi?"

"Si ile niliyompa Bwana Sengoku? Alisema ni ya mtu wa moto, ndiyo wewe. Eti bila hiyo mifupa hutoka myeusi."

Isao alimtazama mkewe. Fusae akaweka kikombe chini. "Twende polisi. Sasa hivi."

"Polisi watamtoza faini, atalipa na kucheka. Mimi namtaka ainamishe kichwa mbele ya watu."

Majira yale ya baridi alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja tu. Kila mahali waliinama kwa aibu, wakasema ndiyo, walimpa Sengoku. Hata mimi nilikuwa nimempa. Isao akatuomba tunyamaze kwanza. Tukanyamaza mwaka mzima na zaidi. Nilimwona akinenepa kwa kusubiri.

Kisha mama yake Sengoku akafariki.

Ukumbi ulijaa, maana Sengoku alikuwa amezika watu wa kila nyumba. Isao alikuja na suti nyeusi iliyopigwa pasi, akafukiza ubani, akamwinamia marehemu kwa adabu zote. Kisha akageuka kwa mfiwa na kumnyoshea bahasha kwa mikono miwili.

"Bwana Sengoku, hii ni ya mtu wa moto. Nakuomba uifikishe."

Sengoku akabadilika rangi. "Mzee, si hapa. Tafadhali."

"Kwa nini? Miaka yote umepokea kwa jina langu, hata moja haikunifikia. Labda aliyechukua nafasi yangu ana bahati."

Kuhani akaacha kusoma. Bibi Wakako akasimama: "Ya mume wangu ilikwenda wapi?" Nyuma yake mwanamume akauliza ya babake. Nami nikasimama nikauliza ya mama mkwe. Sengoku aliinama mpaka paji likagusa mkeka, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Tangu hapo watu wakaita kampuni ya mji wa pili. Kufikia vuli Sengoku alikuwa ameuza magari na duka.

Jioni moja ya theluji alikuja kwa Isao kuomba radhi. Nilikuwepo, tunakula tambi.

"Yuko nje," Fusae akanong'ona. "Anatetemeka."

"Mwambie asubiri nimalize."

Isao akamaliza bakuli, akaongeza la pili, akalila polepole huku akiniuliza habari za bei ya samaki. Fusae alipofungua mlango, Sengoku alikuwa ameshaondoka.

Nikamuuliza kama moyo wake umetulia. Kazi hakurudishiwa, na sasa anafagia uwanja wa shule.

"Mama yake nilimfukizia ubani kwa moyo safi," akasema. "Yeye akija tena, nitakula bakuli la tatu."