Goti la Brice Hruby

Lyle Dombrowski alijifunza kudanganya katika yadi ya magari ya baba yake, mtaa wa Lagrange, Toledo, kabla hajaota ndevu. Baba aliuza magari yaliyokwisha kuchoka, na kila wiki walikwenda mnadani kununua mengine yaliyochoka kidogo. Kanuni ya mzee ilikuwa moja: gari unalolitaka usilitazame. Zunguka la jirani yake, lipige teke tairi, uliza bei, guna. Lile lako lipite kama mtu anayetafuta choo. Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzee Dombrowski alisema huo ni uongo wa wenye vibaya. Kizuri hufunikwa turubai mpaka mwenzako aende zake.

Yadi ilipokufa, Lyle akaingia katika kazi nyingine ya kununua, ila safari hii bidhaa zilikuwa na miguu. Akawa skauti, yaani msaka wachezaji, wa Wahunzi, timu ya soka la Kimarekani ya papo hapo Toledo. Kwa miaka ishirini na sita alizunguka vyuo vya tambarare za magharibi akitazama vijana wakigongana, akalala katika hoteli za kando ya barabara kuu, akala nyama na maskauti wa timu nyingine. Ndivyo kazi ilivyo. Mchana mnaviziana, jioni mnakaa meza moja, maana katika mji wenye mkahawa mmoja utakula na nani?

Na mezani walidanganyana. Huyu aliapa timu yake inatafuta wadaka mpira, kumbe inakufa kwa kukosa walinzi. Yule akaitikia kwa kichwa na kumpa chumvi, bila kuamini hata neno. Lakini uongo huo ulikuwa na ukingo wake, ambao haukuandikwa popote na kila skauti aliujua. Juu ya timu yako danganya upendavyo. Mwili wa mchezaji usiuguse. Ukiulizwa mguu wake, au moyo wake, au kichwa chake, sema kweli au tafuna unyamaze. Kijana wa miaka ishirini na mbili hana mali nyingine ila mwili huo.

Msimu mmoja ulinzi wa Wahunzi ukawa mlango usio na komeo. Kila timu iliyokuja Toledo iliingia, ikajipakulia, ikaondoka. Mjini watu wakaufanya kichekesho. Lyle akipanga foleni kununua maandazi ya Kipolandi, aliye nyuma yake alimgonga bega: "Lyle, nasikia mnatafuta walinzi. Bibi yangu Jumapili hana kazi."

"Ana uzito gani?" Lyle akauliza bila kugeuka.

"Kuliko ulinzi wenu wote."

Lakini timu ikishindwa sana, siku za Aprili za kugawana kwa zamu wachezaji wapya wa vyuoni huchagua mapema. Hiyo ndiyo faida pekee ya kupigwa. Januari, meneja mkuu, Marv Steinhauer, mtu mnene asiyependa maneno mengi, alimwita Lyle ofisini. "Zamu zetu mbili za kwanza ni za ulinzi. Sitaki kingine. Nipangie."

Lyle alikwisha kupanga. Zamu ya kwanza wachukue jitu la kusimama mstari wa mbele, ambalo hata kipofu angeliona. Kazi ilikuwa zamu ya pili: mlinzi wa katikati, yule anayesimama nyuma ya majitu, anayeusoma mchezo na kuwapanga wenzake kabla mpira haujasogea. Ulinzi bila mtu huyo ni kuku waliokatwa vichwa. Naye Lyle alikuwa na wake, chini ya turubai.

Jina lake Brice Hruby, wa chuo kidogo huko Nebraska ambacho televisheni haikukijua. Lyle alimwona Novemba, kwenye upepo wa kukata masikio, akimpangua mtu mmoja na kumkaba wa pili kwa mwendo ule ule. Mechi ilipokwisha alikwenda mpaka kwao, kwenye ng'ombe na mashamba ya mahindi, akakaribishwa na mama mtu, Arlys Hruby, aliyemwekea sahani ya kolache, vikeki vyenye plamu, na kumtazama akila.

"Niambie kweli, Bwana Dombrowski," alisema. "Huyu watamchukua? Nisije nikawaalika watu wakaja kunicheka."

Lyle akafuta mdomo. "Mama, ikifika Aprili, azima viti. Ulivyo navyo havitatosha. Nipe na namba yako, siku hiyo nitakupigia mwenyewe."

Kisha akafanya alivyofundishwa na baba yake. Hakurudi tena Nebraska kumwona Hruby, wala hakumpigia simu. Kila timu huruhusiwa kualika wachezaji wachache makao makuu ili daktari awapime, na Marv alipouliza kama wamwite yule wa Nebraska, Lyle alikataa. "Tukimwita leo, kesho timu zote zina jina lake. Mwache alale." Marv akamwacha alale.

Machi Lyle alikuwa Kearney, Nebraska, kutazama wachezaji wengine, akajikuta mezani na Otis Fontenot, skauti wa timu moja ya kusini. Otis alikuwa mtu wa Louisiana, mcheshi, mwenye sauti ya kanisani. Walikuwa wamekula pamoja miaka kumi na tano. Lakini timu ya Otis ilikuwa inachagua kabla ya Wahunzi katika zamu ya pili, nayo pia haikuwa na mlinzi wa katikati.

Otis alikata kipande cha nyama, akakitazama. "Kaka, kuna mtoto mmoja huku anaitwa Hruby. Nimemwona kwenye mkanda. Wewe umemwona?"

Lyle angeweza kutafuna na kunyamaza. Alijua hivyo wakati ule ule, na baadaye alikumbuka hata ladha ya kile kiazi kilichokuwa mdomoni. Lakini kunyamaza kwa mnunuzi ni kutazama gari. Otis angemsoma.

"Nimemwona," akasema. "Mtoto mzuri. Masikini, goti."

"Goti gani?"

"La kushoto. Halitamfikisha mbali."

Otis akaacha kutafuna. Akasikitika kweli. "Mungu amsaidie," akasema, na hakumtaja tena.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Lyle ilikuwa ndefu. Ilitoka Kearney ikaenda kusini, ikapanda mashariki, ikapita kwa maskauti waliomhurumia kijana, ikaingia redioni, na Jumanne ya wiki ya kugawana wachezaji ikafika Toledo ikiwa imeshiba na kunawiri. Lyle aliingia chumba chenye ubao wa majina asubuhi hiyo akiwa na kahawa mkononi, akatazama mahali pa zamu ya pili. Kadi ya Hruby haikuwapo. Ilikuwa pembeni kabisa, kwenye safu ya wagonjwa, imebandikwa alama nyekundu.

"Nani kamwondoa huyu?"

"Mimi," akasema Marv. "Ana goti."

Lyle akaiweka kahawa mezani.

"Nimelisikia kwa timu tatu," Marv akaendelea. "Tatu, Lyle! Na wewe uliyekwenda kwao ukala keki hukunong'oneza hata neno."

"Bosi, hilo goti ni langu."

"Lako kivipi?"

"Nimelitunga mimi. Kearney, mezani, nikamwambia Otis Fontenot. Hao wote watatu wamekunywa kisima kimoja. Mtoto ni mzima."

Marv alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Miaka ishirini na sita umewahi kudanganya juu ya mwili wa mchezaji?"

"Sijawahi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza."

"Basi hukudanganya Kearney. Unadanganya sasa." Alisema bila hasira, kama mtu anayekataa bei. "Unampenda, unataka nimchukue hata akiwa kilema. Nakujua. Umenifundisha mwenyewe: anayelisifia gari sana, fungua boneti."

"Mlete, apimwe!"

"Muda wa kualika umekwisha, na aliyesema tusimwite ni nani? Nifungue boneti ipi, Lyle?"

Biashara yake yote ilikuwa imejengwa juu ya kwamba watu wangeamini uso wake, na sasa walikuwa wameuamini wa Kearney.

Ijumaa, zamu ya pili ilipofika, Wahunzi walichukua kijana mwingine, mwepesi wa kukimbia na mzito wa kufikiri. Lyle alikaa kwenye kiti chake kando ya ukuta. Desturi ya chumba kile ni kwamba skauti hasemi mpaka aulizwe, na jioni hiyo hakuulizwa. Zamu ya tatu ikapita. Jumamosi zamu ya nne ikapita, ya tano ikapita, na kadi yenye alama nyekundu imening'inia pale pale. Karibu na mwisho kabisa, wakati watu walikuwa wamekwisha kuvaa makoti, timu ya Otis ikamwokota kama mtu anayenunua redio mbovu kwa ajili ya vipuri.

Otis alipiga simu Mei.

"Daktari wetu amelitazama lile goti," akasema. "La fahali, Lyle. Hata mkwaruzo halina. Sasa niambie. Ulikosea, au ulinifanyia?"

Lyle akaihamishia simu sikio la pili.

"Nilidhani hivyo. Umenipa mchezaji wa bure, nikushukuru? Mtoto amekaa siku tatu mbele ya televisheni na ukoo mzima nyuma yake. Mimi na wewe hatutakula meza moja tena, kaka." Na alikuwa mtu wa kutimiza neno.

Oktoba timu ile ya kusini ilikuja Toledo. Hruby alisimama katikati akielekeza wenzake kwa kidole, na Wahunzi hawakupata mlango. Upande wa pili, kijana mwepesi alikimbia sana, akifika kila mahali mpira ulipokuwa umekwisha kupita. Marv alitazama mechi nzima kutoka juu bila kumsemesha Lyle.

Mechi ilipokwisha, Lyle alishuka akamsubiri Hruby karibu na mlango wa kuingilia vyumbani. Kijana alimjua mara moja.

"Mzee wa kolache! Ulimwambia mama mtanichukua. Nilifanya kosa gani?"

"Hukufanya. Lile goti nililisema mimi, ili wengine wakuache nikuchukue. Likanirudia."

Hruby aliangalia mguu wake wa kushoto, kisha akamwangalia yeye. Hakupandisha sauti. "Viti tuliazima kanisani," akasema. "Jumapili tukavirudisha, na kila aliyetusaidia kubeba alikuwa ananitazama natembeaje." Akavua kofia yake ngumu ya mchezo. "Mimi nimepata kazi, sina neno. Lakini mama hunipigia kila baada ya mechi. Haulizi tumeshinda. Anauliza goti. Nimemwambia ni maneno tu, haamini. Anasema watu hawawezi kuzua kitu kama hicho juu ya mtoto wa mtu."

"Nipe namba yake. Nitamwambia mwenyewe."

"Unayo, mzee. Ile uliyosema utaipigia Aprili."

Lyle alikwenda kwenye gari lake, akafunga mlango, akaitafuta namba. Alikwisha kuuza na kununua maisha yake yote, na daima alijua neno la kuanzia. Safari hii alipiga bila kuwa nalo. Simu ikapokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Mama Hruby, ni Lyle Dombrowski wa Toledo."

Kule Nebraska televisheni ilisikika kwa mbali. Kisha sauti ya yule mama ikaja, nyembamba.

"Ni goti?"